Mara Tatu na Mlango

Jumatatu, 29 Septemba

Daftari hili lilinunuliwa kwa ajili ya orodha ya vitabu. Vitabu havijafika kutoka Bujumbura, wanasema gari halina essence, yaani petroli, na mimi sipendi karatasi ikae bure. Basi nitaandika humu mambo ya msimu huu wa mvua, mpaka Krismasi.

Leo tumefungua. Vijana ishirini na wanne, wote wamemaliza sekondari na wamekaa tu nyumbani. Programu yetu inaitwa Daraja. Kila siku ya kazi, kuanzia saa tisa alasiri hadi saa kumi na moja na nusu, wanafundishwa hesabu, Kifaransa, kuandika barua ya kuomba kazi, na kujibu maswali ya mwajiri bila kutazama vidole vya miguu. Hesabu anafundisha Mwalimu Lameki, mzaliwa wa hapa hapa Rumonge, nyumba ya pili kutoka ziwani. Mengine yote, pamoja na kufagia, ni ya mratibu, yaani mimi Evangelina, niliyehamia kutoka Gitega mwezi wa nane na bado naulizia duka la sabuni liko wapi.

Jambo kubwa ni nafasi moja. Mwezi wa kwanza kijana mmoja wa kituo chetu atakwenda Bujumbura kusomea kazi ya maabara ya hospitali, miaka mitatu, kila kitu kimelipwa. Mmoja tu. Nilipowaambia, kila mmoja aliwatazama wenzake kama anayewahesabu.

Nimebandika ukutani karatasi ya manila, nimeiandika kwa mkono wangu: UKIKOSA MARA TATU KWA MWEZI, MLANGO UKO WAZI. Lameki aliisoma, akakuna shingo, akaenda kutafuta chaki. Najua wanasema mimi mkali. Mimi nimekulia kambini, Mtabila, Tanzania. Namba yako ikiitwa kwenye foleni ya unga na wewe hupo, mnalala na njaa, na hakuna anayeuliza ulikuwa wapi. Utaratibu ndio ulionilea. Hawa nao utawalea.

Ijumaa, 3 Oktoba

Mvua ya kwanza ya maana. Tunakaa Gatete, mimi na baba yangu, Mzee Barnaba, katika michikichi yake. Alitoka uani akatazama mlimani kabla hata wingu halijatokea, akaniambia nianue nguo. "Mvua ya hapa inatoka kule, Eva. Mwenye kuangalia mlima hanyeshewi." Nusu saa baadaye ilimwagika. Hajawahi kukosea huyu mzee.

Jumanne, 7 Oktoba

Umeme umekatika siku ya nne. Nimerudi nyumbani kwa baiskeli saa moja na nusu usiku bila kuwasha tochi, mwezi mpevu, barabara nyeupe kama imemwagiwa unga.

Ishirini na wanne wote walikuwepo. Yuko msichana mmoja, Zena, umri miaka kumi na tisa, anakaa nyuma kabisa karibu na dirisha na ananukia ndimu. Kwenye fomu ameandika baba amefariki, mama anafanya biashara. Lameki alitupa swali la uwiano wa dawa na maji, lile linalowatoa jasho wote. Zena alilijibu kabla chaki haijatua, kisha akatazama nje kama aliyesema jambo la aibu. Nimeshajua ni nani atakayekwenda Bujumbura.

Jumatano, 15 Oktoba

Zena hakuja. Tochi imekufa njiani, nimesukuma baiskeli gizani hadi Gatete.

Ijumaa, 17 Oktoba

Zena hakuja. Wavulana watatu wa kule mwaloni, kwa wavuvi, Asmani na wenzake, nao hawakuja, kama juzi. Hakukuwa na mvua wala nini. Nimenunua betri, giza limezidi.

Jumatatu, 20 Oktoba

Mara ya tatu. Nilichukua kalamu nyekundu nikawatoa Asmani na wenzake wawili, na nilikuwa nimeshafika kwenye jina la Zena. Lameki akaweka kiganja juu ya daftari.

"Madame, huyu mwache kidogo."

"Kwa nini yeye?"

"Atarudi. Wiki ijayo atarudi, utaona."

Nikamuuliza anajuaje. Akanitazama kama mtu anayeulizwa jina lake mwenyewe, akasema, "Atarudi tu." Nimemwandikia Zena onyo. Nimekasirika kwa sababu nimevunja sheria yangu mwenyewe kwa ajili ya msichana ambaye hata hakuomba.

Jumatatu, 27 Oktoba

Karudi. Amepokea onyo kwa mikono miwili, akalisoma, akalikunja mara nne. "Nimeelewa, Madame." Nikamuuliza alikuwa wapi. "Nyumbani, Madame." Mtoto wa kwenye foleni ya unga angejieleza mpaka machozi yamtoke. Huyu hapana. Irakoze, kijana wa katekista jirani yetu wa Gatete, hajakosa hata dakika moja. Hana akili za Zena, lakini anakuja.

Jumanne, 4 Novemba

Mvua kubwa tangu saa nane. Waliofika ni kumi na moja. Zena kaja amelowa mpaka mifupa, madaftari ndani ya mfuko wa plastiki, akakaa dirishani kwake akitetemeka akafanya hesabu zote. Nimempa shuka ninalobeba kwenye baiskeli ajifunike. Nikafikiri: sasa onyo limeingia.

Jumatano, 5 Novemba

Mbalamwezi nzuri sana. Baba na mimi tumekula nje.

Alhamisi, 13 Novemba

Zena hakuja.

Ijumaa, 14 Novemba

Hakuja. Giza, na tochi inakonyeza kama mlevi.

Jumatatu, 17 Novemba

Hakuja. Mara ya tatu. Lameki ameanza kusema kitu, nikamwambia, Mwalimu, kila mtu hapa ana sheria moja. Kesho nakwenda mwenyewe kwao.

Jumanne, 18 Novemba

Nimetoka mwaloni.

Nilifika saa nne asubuhi. Tangu ziwa lilipopanda na kumeza mtaa wa kwanza, mitumbwi inafikia karibu na mlango wa nyumba za watu, na vichanja vya kuanikia samaki vimesogezwa juu, vimebanana. Harufu ya ndagala wabichi, dagaa wa ziwa hili, inakamata koo. Wanawake walikuwa wengi, kila mmoja na kelele yake. Niliuliza mama yake Zena ni yupi, nikaonyeshwa mwanamke mfupi, kanga kichwani, anaitwa Salima. Watu wa mtaa huo babu zao walitoka Kongo na Kigoma zamani, Waislamu, na sisi tuliorudi kutoka kambini tumezoea kusema wana maneno mengi. Huyu hakuwa na mengi.

"Amahoro, Mama Zena."

"Amahoro, Madame. Karibu."

"Zena amekosa mara tatu tena."

"Najua. Wiki hii haiwezekani."

"Mwezi uliopita pia haikuwezekana. Kila wiki haiwezekani?"

"Hapana," akasema. "Hii."

Na hapo hapo nikamwona Zena mwenyewe, upande wa mitumbwi, beseni kiunoni, anacheka na vijana wawili wa nyavu kana kwamba dunia haina mitihani. Damu ikanipanda. Nilisema kwa sauti, na sikuipunguza: "Binti yako ana kichwa ambacho wenzake wanakiomba kwa Mungu, na wewe unamwacha azurure na wavuvi. Kama unataka aolewe mtumbwini, sema, nafasi yake nimpe mwenye kuitaka."

Wanawake wote waligeuka. Hata yule aliyekuwa anapatana bei na mchuuzi aligeuka. Zena alisimama pale pale, kicheko kimemkaukia mdomoni.

Salima alinawa mikono kwenye ndoo, akajifuta kwa kanga, akafanya polepole. "Madame, umemaliza? Huyu mutoto baba yake iko kaburini, lakini mama yake iko hapa. Mutoto yangu haiko muzururaji. Nenda salama." Akanipa mgongo.

Nimelitoa jina la Zena. Kalamu nyekundu, mstari mmoja.

Jumatatu, 24 Novemba

Nimepeleka jina la Irakoze kwa Bwana Boaz, mkubwa wetu wa Bujumbura. Irakoze alipoambiwa alisema asante, akaomba ruhusa akatoka nje, nikamwona dirishani anaruka peke yake kama ndama. Nilipaswa kufurahi.

Jumatatu, 1 Desemba

Dirishani nyuma hakuna mtu. Lameki anafundisha bila kunitazama. Akimaliza, anafuta ubao, anasema murakoze, asante, anakwenda.

Jumamosi, 6 Desemba

Nataka kuandika haya taratibu, nisijiruke mwenyewe.

Bwana Boaz anataka ripoti ya miezi mitatu, yenye safu inayoitwa "sababu za utoro". Nilijua sababu: mvua. Nikachukua daftari la mahudhurio na daftari hili, niweke tarehe za mvua pembeni ya tarehe za utoro. Baba alikuwa anachambua maharage karibu yangu.

Haikulingana. Tarehe nne Novemba mvua ilitaka kutuua, na Zena alikuja. Tarehe kumi na saba Oktoba niliandika mwenyewe kwamba mvua haikuwepo, na hakuja. Nikasema labda malaria. Lakini malaria gani inayomshika msichana na wavulana watatu siku zile zile?

Nikarudia kusoma kurasa zangu, na nikaona kitu kingine. Tochi. Kila alipokosa, nimelalamikia tochi, betri, giza. Kila alipokuja mfululizo, nimesifia mwezi. Nimekuwa nikiandika kalenda ya msichana huyu tangu mwezi wa kumi, bila kujua, kwa sababu ya baiskeli.

"Baba," nikamwuliza, "ndagala wanavuliwa lini?"

"Gizani. Wavuvi wanawasha taa, ndagala wanaifuata. Mbalamwezi hawaji kwenye taa, mitumbwi inalala. Hilo hata mimi wa michikichi nalijua."

Kwamba wavuvi wanapumzika mwezi ukiwa mpevu, hata mimi nilikuwa nimesikia, kama mtu anavyosikia habari za nchi nyingine. Sikuwahi kufikiri kwamba samaki wakishatoka majini kuna mikono inayowangoja. Giza la mwezi likiingia, ndagala wanashushwa alfajiri, wanaanikwa, wanageuzwa mchana kutwa, wanaanuliwa jioni. Saa tisa alasiri, wakati mimi naita majina, ndiyo saa ambayo mwenye kichanja hawezi kuondoka. Na beseni? Beseni lile nililiandika mwenyewe. Liko kwenye ukurasa wa tarehe kumi na nane, kiunoni kwake. Nililiona nikaliandika, na bado nikamwita mzururaji mbele ya watu.

Nina aibu. Sina neno zuri zaidi.

Jumatatu, 8 Desemba

Nimemwuliza Lameki kama alijua.

"Kujua nini?"

"Giza. Kwamba wanakosa wakati wa giza."

Alikaa kwenye dawati la mbele. "Madame, nani hapa hajui? Mimi nimesoma hivyo hivyo, darasa nusu mwezi. Nilidhani unajua na umeamua tu kuwa mkali. Nikasema, labda ndivyo wanavyotaka wakubwa." Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, "Na mimi nilipaswa kusema. Hilo nalo ni kosa langu."

Nimempigia Bwana Boaz. Aliniambia liste ya majina imekwenda na liste ni liste. Nikamwambia kosa ni langu, si la msichana. Nikasikia anapekua karatasi. Akasema shule inapokea watahiniwa wawili kwa kila kituo, mtihani ni Alhamisi tarehe kumi na nane, hapa hapa ukumbini, atakayeshinda ndiye. "Lakini andika barua ya kueleza kosa ni la nani, na uweke sahihi yako." Nimeiandika. Nimewaita pia Asmani na wenzake. Wawili wamerudi, mmoja amekwishavuka kwenda Kigoma.

Halafu nikamweleza Irakoze kwamba sasa watafanya mtihani wawili. Alisema, "Sawa, Madame." Hakuruka leo.

Jumanne, 9 Desemba

Nilikwenda nyumbani kwa Salima. Alinipokea vizuri, akanipa kiti, akanipa chai. Nilisema yote, nikamwomba msamaha. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Madame, mimi ulinitukania wapi?"

"Mwaloni."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya watu."

"Sasa musamaha unaniletea chumbani?"

Nilitaka kufa. Nikamwambia basi kesho asubuhi nitakuja mwaloni. Akatikisa kichwa. "Kesho watu haiko. Mwezi bado iko mukubwa, mitumbwi imelala. Utaomba musamaha kwa kunguru? Ngoja giza."

Mtihani ni baada ya siku tisa, na mimi nimeambiwa ningoje giza. Nimestahili.

Ijumaa, 12 Desemba

Nasubiri. Baba anasema nimekonda.

Jumamosi, 13 Desemba

Leo mitumbwi imerudi imejaa. Nilifika saa mbili asubuhi, wanawake wote wapo, na wote walijua nimekuja kufanya nini, kwa sababu waliacha njia katikati mpaka kwenye kichanja cha Salima. Nilisema kwa sauti ile ile ya siku ile. Nilisema: mimi Evangelina nilimwita binti wa Salima mzururaji, na alikuwa kazini. Nilimwambia mama yake maneno ya kumvunjia heshima, na yeye ndiye aliyeniambia ukweli, nikakataa kuusikia. Naomba msamaha kwake na kwa mtoto, mbele yenu.

Bibi mmoja alisema, "Haya, amesema." Mwingine akasema, "Na sauti iko nayo." Wakacheka kidogo, wakarudi kwenye samaki zao.

Zena alikuwa anatandaza ndagala, mikono imeng'aa magamba. Nikamwuliza kwa nini kwenye fomu aliandika biashara, kwa nini hakuniambia.

"Ukitaja ndagala, Madame, wenzako wanaanza kunusa," alisema. "Shuleni walikuwa wanafungua madirisha mimi nikiingia. Ndiyo maana nakaa dirishani, nalifungua mwenyewe kabla."

Ndimu nilizozisifia ndani ya daftari hili, kumbe alikuwa anajisugulia mikono mpaka ngozi inamchubuka.

Salima amekubali mtihani. Lakini Alhamisi hiyo ni arobaini ya kaka yake huko Kabonga, anasafiri Jumatano kwa msiba, anarudi Ijumaa jioni. Majirani wana vichanja vyao. "Vichanja vyangu ni viwili. Nani atageuza?"

"Mimi," nikasema.

Alinitazama viatu, akanitazama mikono. "Wewe."

"Mimi, Mama Zena."

Alhamisi, 18 Desemba

Naandika mikono yangu ikinuka. Nimeosha mara nne.

Lameki ndiye aliyesimamia mtihani, kuanzia saa saba hadi saa kumi. Nilimwambia Zena asipite hata mwaloni, aende moja kwa moja, amevaa blauzi nyeupe iliyopigwa pasi. Mimi nilikuwa kwenye vichanja tangu alfajiri. Asubuhi ilinifurahisha, sitaficha. Bibi yule wa 'Haya, amesema', Mama Aliya, alinifundisha kutandaza wasilaliane na kugeuza kwa kiganja, si kwa vidole. Jua lilikuwa kali, samaki walikauka wakawa wepesi, wakaanza kulia kama majani makavu. Nilisema moyoni, kumbe kazi hii naiweza.

Na nilichunga mvua. Jamani, nilichunga. Kila baada ya kugeuza kichanja niliinua kichwa nikatazama mlima, kama baba alivyonifundisha. Mlima ulikuwa safi, kila mchikichi unaonekana. Saa tisa niliona wanawake wameanza kuanua mapema, wanajaza magunia haraka haraka. Mama Aliya alikuwa amekwenda kuswali. Nikatazama mlima: safi. Nikasema, hawa wanataka kuwahi nyumbani, mimi nitawaacha samaki wa Salima wapate saa moja zaidi ya jua, nimfurahishe.

Nilihisi baridi mgongoni. Nilipogeuka, ng'ambo haikuwepo. Milima yote ya Kongo ilikuwa imefutika, na juu ya ziwa kulikuwa na ukuta wa kijivu unaotembea kuja kwetu. Nilikimbilia gunia. Nilikuwa nimejaza nusu tu mvua ilipofika, ya upande, na upepo wake ukapeperusha turubai nililokuwa nimelikalia mchana kutwa bila kulifunga.

Ndagala mkavu akilowa hawi mkavu wala mbichi, anakuwa uji. Nilikuwa naokota uji kwa mikono nilipomsikia mtu anakimbia. Zena. Blauzi yake nyeupe imeganda mwilini, ametoka kwenye mtihani moja kwa moja. Hakuniuliza kitu. Alitia mikono kwenye kichanja cha pili tukaokota pamoja hadi hakukuwa na cha kuokota. Tumeokoa nusu gunia kati ya mawili.

Tulipokaa chini ya paa la duka, nikamwuliza mtihani ulikuwaje. "Nimejibu yote," akasema, akikamua kanga. "Madame, hukuitazama Kongo?"

"Nilitazama mlima."

"Ni kweli, wewe ni mtu wa mlimani," akasema bila ubaya wowote, na hapo ndipo nilipolia.

Ijumaa, 19 Desemba

Salima amerudi. Lameki kamwona akishuka kwenye gari. Sijaweza kula.

Jumamosi, 20 Desemba

Nilikwenda kumwambia. Alikuwa ameshajua yote, mwalo mzima umeshamwambia. Alikuwa anawauzia wafuga kuku wale walioharibika. Nilisema nitalipa, akainua mkono nikanyamaza. "Sikukuambia habari ya Kongo," akasema. "Nilidhani unajua. Nani hajui?" Akaendelea na wateja wake. Nimerudi Gatete giza likiwa totoro, sikuwasha tochi.

Jumapili, 21 Desemba

Kanisani Irakoze alinisalimia kwa heshima ile ile. Baba yake hakunisalimia.

Jumanne, 23 Desemba

Bwana Boaz alipiga simu saa tatu asubuhi. Zena amepata tisini na moja. Irakoze, sitini na nane. Nafasi ni ya Zena, aripoti tarehe tano Januari na sanduku lake.

Nilikwenda kwa Irakoze kwanza, kwa sababu hilo ndilo gumu. Alikuwa anapalilia mahindi. Alisikiliza, akasema alijua tangu Zena alipogeuza karatasi ya pili kabla yeye hajamaliza ya kwanza. Nikamwambia nitamtafutia mafunzo ya kazi katika duka la dawa hapa mjini. Akasema murakoze, akarudi kwenye jembe. Nilimpa furaha yeye na baba yake nikaichukua tena, na hakuna barua ninayoweza kuandika ya kufuta hilo.

Kisha mwaloni. Bado giza, bado kazi, wanawake wote wapo. Zena alikuwa kichanja cha kwanza. Nilipomwambia hakupiga kelele, alikaa chini mchangani na beseni lake mapajani, akafunika uso. Mama Aliya alipiga vigelegele kwa niaba yake. Wavuvi wakauliza kuna arusi ya nani.

Salima hakuacha kugeuza. Alifika mwisho wa kichanja, akanawa mikono kwenye ndoo, akajifuta kwa kanga polepole, kama siku ile.

"Mwezi wa kwanza giza litaingia," akasema. "Mutoto yangu itakuwa Bujumbura. Hiki kichanja cha pili nani atageuza?"

Kumbe hilo ndilo nililokuwa nimelileta pamoja na furaha yangu, na sikuwa nimelifikiria hata kidogo. Miaka mitatu ya giza, kila mwezi. Nikasema masomo ya Daraja Januari yatafuata mwezi: mbalamwezi kila siku, giza hakuna. Ile karatasi ya manila nimeshaibandua. Kwa hiyo siku za giza nitakuwa na nafasi.

"Nitageuza mimi," nikasema. "Mama Zena, kama utanikubali tena."

Wanawake wa karibu walikuwa wameacha kazi kusikiliza. Salima alinitazama viatu, kisha mikono. Halafu akainua mkono, akanionyesha kidole kimoja, kimekauka kwa chumvi na magamba.

"Umekosa mara moja," akasema. "Kwenu ni mara tatu, si ndiyo? Basi bado iko mbili."

Akanipa beseni la Zena. Nililipokea kwa mikono miwili, nikasogea kwenye kichanja cha pili, na kabla sijagusa samaki hata mmoja nikageuka nikatazama upande wa Kongo.